Sinki la Ukoo

Kabati la sinki lilikuwa limepanda tena. Jioni fundi bomba aliliacha usawa wa kiuno. Asubuhi alilikuta usawa wa kifua, limeganda ukutani, vigae havina hata ufa. Alipima, akaguna, akasema mipira ya maji haitafika.

"Leta mirefu," alisema mwenye nyumba.

"Bosi, hii ndiyo mirefu. Jana mliamua nini tena?"

Waliamua rangi. Mwenye nyumba alipiga picha, akaituma kwenye kundi la simu la ukoo wake, kama alivyofanya kwa kila kitu tangu bafu livunjwe. Mama yake alitaka nyeupe. Dada yake alitaka kabati la mbao, lenye droo mbili. Baba mdogo, ambaye hajawahi kukanyaga nyumba hiyo, alitaka kioo chenye taa. Mkewe hakuwamo kwenye kundi, kwa sababu kundi ni la ukoo.

Mke alikuwa na ombi moja tu, na alilitoa kabla nyundo ya kwanza haijagonga. Aliteguka bega alipoteleza kwenye bafu hilohilo, na tangu hapo mkono wake wa kulia haupandi kupita kifua. Alitaka sinki la chini, aweze kunawa uso kwa mikono yote miwili.

Walirudisha kabati hilo la kwanza, jeupe, dukani, wakachukua la mbao. Ukoo ulipochagua vishikio vya droo, nalo likapanda hadi mabegani. Wakachukua la tatu, lenye miguu, wakidhani miguu italizuia. Baba mdogo alipochagua bomba, miguu ikabaki inaning'inia.

"Niulizeni mimi, litashuka," alisema mke mlangoni, taulo begani.

"Tutakuuliza, mama watoto," alijibu mumewe. "Ngoja kwanza tumalize kuamua."

Mama mkwe alikuwa amekuja kujionea mwenyewe. Alisimama katikati ya bafu, akatazama juu.

"Mwanamke mmoja auhangaishe ukoo mzima kwa sababu ya beseni la kunawia! Sisi tulinawa kwa kopo, nani alilalamika?"

"Basi mama, niachieni hilo kopo," alisema mke.

"Unasikia mdomo huo?" mama mkwe alimgeukia mwanawe.

Mwanawe alikuwa anaandika kwenye simu. Aliuliza kundi kama kweli mke aulizwe. Walijadili mpaka chakula kikapoa, wakakubaliana kwamba wazo si baya, ila lisubiri. Walipoweka simu chini, sinki lilikuwa limegusa dari.

Fundi aliunga mipira, akafungua maji, yakatoka vizuri tu. Alisema kazi yake imeishia hapo, akakusanya spana zake. Mwenye nyumba akanunua ngazi. Kundi lilichagua ya alumini.

Sasa kila asubuhi mwenye nyumba anapanda, ananawa, anashuka. Wageni huonyeshwa ngazi kabla ya kuonyeshwa swichi ya taa. Hakuna anayeuliza.

Bafu limekwisha. Liligharimu makabati matatu, mipira ya maji isiyohesabika, ngazi moja, kifundo cha mguu cha mama mkwe kilichoteguka ngazini, na mke, ambaye sasa ananawa uso kwa dada yake mwenyewe, mtaa wa pili, kwa mikono yote miwili, na hajasema atarudi lini.