Bei ya Nyasi za Lindsay Pascoe

Jirani yangu Lindsay Pascoe ana maghala matatu ya nyasi kavu na mdomo usiopumzika. Kila Jumatano asubuhi binti anayeandika taarifa ya bei ya gazeti hupiga simu kutoka Melbourne, awaulize wakulima wa huku kwetu tani moja imeuzwa dola ngapi. Mwaka huu wa ukame hakuna aliyekuwa na nyasi za kuuza ila Lindsay, basi akawa ndiye anayeulizwa peke yake. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na bwana yule alivuta kwa mikono miwili.

"Mia nne," alimwambia binti, ilhali hajauza hata robota moja. Ijumaa taarifa ikatoka: mia nne. Akaisoma kwa sauti pale baa, miwani puani, huku akitikisa kichwa kuwasikitikia wanunuzi.

Mimi nilikuwa na ng'ombe themanini wa maziwa na nyasi za siku tisa tu. Nikamwendea.

"Niuzie kwa mia tatu na hamsini, Lindsay. Ng'ombe wangu unawajua mmoja mmoja."

"Ningependa, Beryl. Ila soko limekataa. Taarifa si umeisoma?"

"Taarifa ni wewe."

"Usinisingizie, dada. Mimi mkulima tu."

Uongo wake ningeuvumilia. Kilichonichoma ni kwamba aliuamini. Jumatano iliyofuata akataja mia nne na hamsini. Ijumaa akaisoma, akapiga mluzi, na nilipomfuata tena na hiyo mia nne yake aliniambia nimechelewa.

"Bei inapanda, Beryl. Nikiuza leo nitajilaumu."

Siku ya tisa niliita lori la mnada. Mtamba niliyemlea kwa chupa ya maziwa jikoni kwangu aligoma kupanda, na nikamsukuma mwenyewe, nikilia bila aibu mbele ya dereva. Majirani zetu akina Noonan nao wakauza ng'ombe wao juma lilelile, na mzee Dutton akafuata. Lindsay aliona malori yote yakipita mbele ya maghala yake, akayapungia mkono.

Baada ya wiki tatu akaja kwangu na keki ya mkewe.

"Nimefikiria sana, jirani. Ujirani kwanza. Chukua kwa mia tatu, na nitakuletea mwenyewe."

Nikamwongoza hadi banda la kukamulia. Sakafu ilikuwa kavu na mashine imefunikwa turubai.

"Wako wapi?"

"Mnadani. Wa Noonan pia. Na wa Dutton."

Alisimama pale na keki yake. Nilingoja aseme pole, hata ya uongo, maana uongo anauweza.

"Sasa nyasi zangu atakula nani?" akauliza.

Nikamwambia meno anayo, aanze yeye.