Kamba Zote Nyuma

Kwa miaka ishirini na sita kazi yangu kwenye mashua yetu ilikuwa moja: kusimama chini ya mlingoti na kuvuta kamba ya kupandishia tanga, mume wangu akiwa nyuma kwenye usukani. Mwezi uliopita akamwita fundi, akamwambia kamba zote zipelekwe nyuma, ili mtu mmoja aweze kusafiri bila msaada.

Mtu mmoja. Wala hakunitazama aliposema hivyo.

Sikuuliza. Hasira zangu ni za kimya, zile za kugongagonga masufuria. Wiki tatu niliwapokeza bisibisi na makapi ya kupitishia kamba, huku najua nasaidia kujifukuzisha kazi. Mgongo uliniuma, magoti yaliniuma, na roho ndiyo usiseme.

Fundi naye alilalamika. Winchi ya kukazia kamba mume wangu aliitaka kushoto, tena chini sana, na fundi akamwonya kwamba mtu mrefu kama yeye atavunjika kiuno. Hata mkanda wa usalama, wa kujifunga mtu asitupwe majini, aliukata mwenyewe ukabaki mfupi. Kwa tumbo lile ungeishia ubavuni. Nilimwambia fundi amwache, mashua ni yake.

Leo fundi alipofungasha vifaa vyake, mume wangu akaniambia nijaribu. Nikamjibu nimechoka, ajaribu mwenyewe. Aking'ang'ania kitu hachoki yule, basi nikaketi kwenye usukani nimenuna. Mkono wangu wa kushoto, ninaoutumia kwa kila kitu, ukaushika mpini wa winchi bila kuutafuta. Nikazungusha, tanga likapanda taratibu. Nikajifunga mkanda. Ulinikaa sawasawa.

"Umenipimia mimi," nilisema.

"Jicho la kulia limekufa, mama. La kushoto, daktari anasema limebakiza mwaka mmoja tu." Alinigeukia, lakini alikosea kidogo, akawa anaongea na bega langu. "Sitaki siku moja ukwame huko majini kwa sababu yangu."

Nilitaka kumgombeza kwa kunificha, nikakosa nguvu. Uchovu wa wiki tatu ulinishukia wote kwa pamoja, nikalia.

Yeye akaenda mbele akipapasa hatua kwa hatua, akinyoosha mkono kutafuta kamba ambazo tulishazihamisha. Alipoufikia mlingoti akaketi chini yake, mahali pangu.

"Shikilia vizuri," nikamwambia, nikafungua kamba iliyotufunga gatini.