Filamu Aliyoiacha Katikati

Mchungaji Teofil aliingia ukumbi wa utamaduni wa mji wa Rădăuți, Romania, hukumu akiwa nayo tayari. Binti yake Estera alikuwa ameomba ruhusa ya kwenda kuitazama filamu iliyokuwa ikionyeshwa humo na vijana wenzake wa kanisa, naye akamkatalia.

"Kwani umeiona, baba?" Estera akauliza.

Hakuwa ameiona. Swali lile lilimkera hata akanunua tiketi mbili, yake na ya mkewe Tabita, ili Jumapili aseme kitu anachokijua.

Filamu ilimhusu seremala mmoja mcha Mungu aliyegundua kwamba mwanawe anaiba sadaka. Alimkana mbele ya kanisa zima. Matusi yalianza mapema, na kijana yule alipoanza kuvuana nguo na mwanamke wa baa, Teofil akasimama.

"Twende."

"Tangulia, nitakukuta," Tabita alisema bila kugeuka.

"Mama Estera!"

"Si nimesema nitakukuta? Unawaziba watu."

Alimngojea nje kwenye baridi, amejikunyata ndani ya koti. Tabita alitoka macho mekundu. Walikwenda nyumbani.

Jumapili Teofil aliwaka mimbarini. Alisema filamu ile imemfanya mtu wa sala kuwa kichekesho na mwizi kuwa shujaa. Mzee Ghedeon, shemasi, aliitikia amina kwa sauti iliyotikisa madirisha. Estera aliinamisha kichwa mpaka ibada ikaisha.

Mchana Tabita alikuwa jikoni akiviringisha nyama na mchele ndani ya majani ya kabichi.

"Mbona kimya?" Teofil akauliza.

"Sauti yako leo ilikuwa nzuri."

"Na maneno?"

"Maneno yalikuwa ya nusu filamu."

Teofil akacheka kwa uchungu, akavuta kiti. "Haya, nimalizie basi."

Tabita akamsimulia huku mikono ikiendelea na kazi. Kijana alifungwa. Baba yake akawa anaoka mkate kila wiki na kuupeleka gerezani. Mwana akakataa kutoka kumwona. Baba akawa anauacha mkate kwa askari na kurudi zake.

"Hatimaye mwana akatoka?"

"Hatukuonyeshwa. Tulionyeshwa baba anakanda unga tena, basi."

"Na ule uchafu?"

"Uchafu ni uchafu, Baba Estera. Nilifumba macho. Kisha nikayafumbua."

Habari ya mwana mpotevu Teofil alikuwa ameihubiri mara nyingi, na kila mara mwana ndiye aliyerudi. Baba anayemfuata mwanawe na kufungiwa mlango hakuwahi kumfikiria. Aliona haya kwamba mawazo hayo yameletwa na watu walioitengeneza filamu aliyoilaani asubuhi ile.

Jumapili iliyofuata alisimama kabla ya nyimbo. "Ndugu zangu, ile filamu niliihukumu bila kuimaliza. Ina machafu, hilo silifuti. Lakini niliposema inamdhihaki mcha Mungu, nilisema uongo. Nisameheni."

Mzee Ghedeon alimkamata mlangoni. "Mchungaji, sasa tutaleta sinema madhabahuni?"

"Hapana, ndugu. Ila mimi sisemi tena juu ya kitu nisichokiona."

"Basi utaona mengi ya kukutia doa."

"Huenda. Ndiyo maana sitaki vijana waone peke yao."

Ghedeon aliondoka bila kumpa mkono, na ilichukua majuma kadhaa kabla ya Teofil kuupata tena.

Vijana walikuja nyumbani kwa mchungaji kuitazama ile filamu, wazazi wao wakiwa na habari. Penye uchafu Teofil aliipeleka mbele kwa rimoti, wakamzomea kidogo, naye akawavumilia. Ilipokwisha alingoja wamsifu yule baba. Estera ndiye aliyeanza.

"Mimi sijampenda. Anapeleka mkate, lakini kanisani hajarudi kusema alikosea kumwaibisha mwanawe mbele za watu."

"Lakini mwana alikuwa mwizi kweli," Teofil akasema.

"Mwizi, ndiyo. Kwani mwizi hafuatwi chumbani akaonywa kwanza?"

Wengine wakaingilia, kila mmoja na lake. Teofil akainuka kuifuata Biblia rafuni, atafute pale paliposema ndugu aonywe kwanza faraghani, na Tabita akaenda kuongeza chai.