Waliopiga Magoti Mlangoni

Mume wangu Mathieu hajui kusema uongo, na hiyo ndiyo taabu niliyoolewa nayo. Waume wa wenzangu wanakunywa. Wangu anasema kweli asubuhi mpaka jioni, na mimi nazunguka nyuma yake nikizoa vipande.

Alikuwa katekista wetu hapa Lubarika. Waasi walipoingia uwanda wa Ruzizi mwaka sitini na nne, mapadri walishikwa kule Uvira, kapela ikabaki mikononi mwake. Uhuru tulikuwa nao miaka minne tu na tayari ulikuwa umetuchosha. Waasi walikusanya wanaume uwanjani, wakawanyunyizia maji ya dawa, wakawaambia risasi zitageuka matone ya mvua. Wengine walisukumwa kwa mikuki. Mdogo wangu Modeste alikwenda kwa kupenda.

“Yaya, ninaenda kutafuta haki,” aliniambia mimi dada yake mkubwa.

“Haki gani hiyo inayogawiwa kwa ndoo?”

Akacheka, akaenda.

Mwisho wa mwaka askari wa serikali walirudi, na waasi wakakimbilia milimani. Wanaume wetu wakarejea kimya kimya kwenye mashamba yao ya mpunga, kama watu waliotoka msibani. Kapiteni mmoja akaweka kambi kwenye ghala la pamba. Katika kijiji cha jirani wanaume saba walitajwa kwamba walinyunyiziwa dawa. Wakaitwa kuonyesha njia ya mlimani, na njia hiyo hawakurudi nayo. Basi hapa kwetu kila mtu alishona mdomo.

Kila mtu, isipokuwa Mwalimu wangu Mathieu! Yeye alisema maji yale ni mambo ya waganga, na sheria ya mapadri tunaijua: aliyekwenda kwa mganga anapiga magoti mlangoni Dominika sita, kisha anaingia ndani na wenzake. Na ajabu ni kwamba wanaume wenyewe walitaka. Waliogopa maji yale kuliko bunduki. Mtoto akipata homa, wanasema dawa bado iko mwilini mwa baba yake. Wakajipanga mlangoni, watu tisa, Modeste akiwa wa mwisho.

“Mwalimu, umepata wazimu?” nilimwuliza nyumbani. “Umewapanga kama mihogo ya sokoni. Kapiteni akipita je?”

“Mama, Mungu anamtangulia kapiteni.”

“Mungu hana bunduki.”

Alikuwa anafuta miwani yake, na mimi nilikuwa nimechoka hata kugombana.

Dominika ya tatu kapiteni akaingia, na askari wanne nyuma yake. Akavua kofia, akafanya ishara ya msalaba, akakaa benchi la mbele. Kumbe ni Mkatoliki, tena alisoma shule ya mapadri. Tulipomaliza Baba Yetu, akageuza shingo, akatazama mlangoni.

“Mwalimu, wale pale juu ya nini hawaingii?”

Mathieu akafungua mdomo. Mdomo ule naujua, nimeishi nao miaka kumi na minane. Nikaruka kutoka upande wa wanawake kabla kweli haijamtoka.

“Ni wazinzi, Baba Kapiteni!” nilipiga kelele. “Wanalala na wanawake wasio wao. Na yule wa mwisho ni mdogo wangu wa tumbo moja. Aibu yangu minye!”

Askari wakacheka. Kapiteni hakucheka.

“Wote tisa? Mu kijiji kidogo hivi?” Akasimama, akatazama upande wetu. “Na wanawake wao iko wapi? Wasimame, niwahesabu.”

Mungu wangu, hilo sikulifikiria. Nilimwona Modeste amelaza paji la uso sakafuni, na nikajua nimemwua kwa ulimi wangu mwenyewe.

Hapo ndipo Libérate aliposimama. Ni mjane, anauza mafuta ya mawese, ndiye anayefua vitambaa vya altari. Tangu mume wake afe, hakuna mtu aliyewahi kusema neno baya juu yake.

“Minye hapa,” alisema. “Niko na Modeste.”

Akasimama mke wa mtu. Akasimama mwingine. Wa tisa alikuwa bibi kizee mwenye meno mawili, akiegemea fimbo. “Na mimi pia,” alisema, “msinidharau!” Askari wakacheka mpaka machozi, na kapiteni mwenyewe akashindwa kujizuia. Akavaa kofia yake. “Salini sana,” alituambia, akatoka.

Siku mbili Mathieu hakula.

“Umesema uongo mbele ya altari,” aliniambia.

“Ndiyo. Na watu tisa wanapumua. Kula ugali wako.”

Wanaume walimaliza Dominika zao sita, wakaingia ndani. Mwaka ukapita. Padri akarudi kutoka Uvira kutuandaa kwa Pasaka, akaita komite ya kapela, na katika komite hiyo Modeste alikuwa amechaguliwa. Kapiteni alikuwepo pia, benchi lile lile la mbele, maana padri alikuwa akila kwake.

Majina ya watakaopokea komunyo ya Pasaka yakasomwa. Ikafika zamu ya wanawake waliosimama siku ile, ambao habari zao padri alikuwa amezisikia kwa kapiteni. Waume wao wakasema wamewasamehe, yamekwisha. Bibi kizee hakuna aliyemsumbua. Akabaki Libérate. Nani amsamehe, naye hana mume? Hata toba hakuwahi kupewa, kwa sababu Mathieu alikataa kumpa toba ya dhambi ambayo hakuitenda.

Nilikuwa nimemshauri amweleze padri pembeni. Alikataa. “Padri anakula na kapiteni,” alisema. “Roho za watu tisa siziweki juu ya meza ya mtu.”

“Nani anamsemea mama huyu?” padri aliuliza.

Nilimtazama Mathieu. Kweli ilikuwa imemjaa mpaka kooni, nikaiona. Akamtazama kapiteni, kisha akafunga mdomo. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake, na machozi yakamtiririka chini ya miwani. Mimi, mwenye domo la kusikika mpaka mtoni, nilikalia ulimi wangu.

“Basi,” padri alisema, “anayeona kwamba asipokee Pasaka ainue mkono.”

Wa kwanza kuinua alikuwa Modeste. Alikuwa anachumbia binti wa watu wenye heshima, na hakutaka wasikie tena lile neno, “Niko na Modeste”. Aliuinua juu kabisa, katika shati lake jipya jeupe. Wanasema shukrani ya punda ni mateke. Hapa kwetu hatuna punda, tuna wadogo zetu.

Libérate alijifunga kitenge vizuri, akaenda kupiga magoti mlangoni. Nikatoka upande wa wanawake, nikaenda kupiga magoti karibu naye. Yeye alikuwa anatazama mbele, kwenye mgongo wa Modeste.

“Amenenepa, mdogo wako,” alisema polepole.

“Ndiyo. Amenenepa.”

“Basi, Célestine. Si tulitaka aishi?”