Majina Mawili Kwenye Fomu

…na si kwamba Huseni hakusikia, alisikia vizuri, sikio la fundi wa magari husikia hata bolti inayolegea tumboni mwa injini, ila neno lenyewe liliingia likakosa pa kukaa, bei imepanda, tangu tarehe moja ya mwezi huu bei ya viza imepanda, na yule binti Ingrid mwenye sekretaria, kiduka cha kuchapa na kutoa nakala, hapa Ngagara, aliyekuwa akiwajazia fomu kwenye kompyuta tangu asubuhi, aligeuza kioo upande wao ili wajionee, “Papa, Mama, muangalie hapa, ile pesa mulileta ilikuwa inatosha watu wawili, sasa inatosha mutu moja, na inabakia kidogo tu, munisamehe, si mi nimepandisha,” na Mwanne mkewe, aliyekaa naye benchi moja na mkoba wake mapajani, akajibu kwa upole uleule anaowajibu wauza mboga, “Tunajua, mwanangu, si wewe,” naye Huseni akawaza, kama si yeye basi ni nani, maana kila bei aliyowahi kukutana nayo katika miaka yake sitini na nne ilikuwa na mdomo, bei ya pistoni ina mdomo wa muuza vipuri, utamlaani, utamchekesha, utaondoka hatua tatu naye atakuita urudi, hata bei ya mafuta ya magendo ina mdomo wa mtu anayekunong'oneza nyuma ya ukuta, lakini hii imekaa tu kwenye kioo, haina macho wala masikio, utaiambia nini, utaiambia kwamba umeuza mashine yako ya kuchomelea kwa Twalibu jirani, na kompresa juu yake, kwamba tangu mafuta yaadimike mjini magari yamelala na fundi amelala nayo, kwamba leo mmetoka Buyenzi kwa miguu, wewe na mwanamke mwenye magoti mabovu… pale juu ya kioo kuna saa ndogo inayorudi nyuma, dakika kumi na moja, Ingrid ameshawaeleza kwamba ikifika sifuri ukurasa utajifunga na kila kitu kitaanza upya, na umeme wa huku haumngoji mtu, “Kwa hiyo niondoe jina gani?” akauliza, kidole juu ya kitufe, bila ubaya wowote, kama anavyouliza mtu chai iwe na sukari au bila sukari, niondoe jina gani, na Huseni akakodolea macho karatasi ya mwaliko iliyokuwa mezani, ile ambayo Houda aliituma kutoka ng'ambo, kutoka mji ambao ulimi wa baba yake haujawahi kulitamka jina lake kwa sababu haujawahi kutaka, karatasi ya Kifaransa yenye mihuri, mtoto anaeleza kwamba tarehe ishirini mwezi ujao atapasuliwa moyo, kwamba mumewe Gélase ana kazi na watoto wawili wa kulea, kwamba anaomba wazazi wake waje, mama yangu, na hapohapo chini yake, baba yangu, ameandika baba yangu na jina kamili, Huseni, herufi zote, hakuruka hata moja, miaka tisa na bado anajua jinsi linavyoandikwa… miaka tisa, na siku ile walikuja kutoka Gasenyi watu sita waliovaa vizuri, Wakristo, wametanguliza kreti mbili za Fanta kwa sababu walijua nyumba wanayoingia ni ya Waislamu, walijua wakaheshimu, wakaja kumposa Houda kwa ajili ya kijana wao Gélase, na yeye Huseni akawaacha kwenye viti uani mpaka Fanta ikapata moto, akaenda zake barabarani akajilaza chini ya Hiace ya mteja, Hiace isiyokuwa na haraka yoyote, na baba yake Gélase, mzee mwenye koti na tai, akamfuata, akachuchumaa kando ya gurudumu, akaanza kuzungumza na miguu ya Huseni, “Mzee mwenzangu, watoto wamependana, sisi tufanye je,” na yeye kutoka kule chini akasema, “Nipe kle ya katorze hapo,” na yule mzee, Mungu amrehemu, ameshafariki sasa, akapekua sanduku la spana, akatafuta namba kumi na nne, akaipangusa kwa leso yake, akampa, kisha akabaki amechuchumaa pale kwa muda mrefu, na jioni Huseni akamwambia mkewe mbele ya majirani, “Mi sina mutoto anaitwa Houda,” maneno matano hata hayajai kiganja, na mtoto akaolewa komine, kwenye ofisi ya serikali, bila baba, akapanda ndege bila baba… “Bon, muwaze kidogo, mi nimalize maswali yaliyobaki,” Ingrid alikuwa anasema, “wanauliza hapa, huyu anayewaalika munazungumuzaka naye mara ngapi?” na Mwanne akajibu palepale, hakutafuta, “Kila Ijumaa,” na Huseni akageuza shingo, kila Ijumaa nini, kila Ijumaa yeye yuko msikitini, anaoga, anavaa kanzu, anatoka saa sita kasoro na kurudi saa nane, na miaka yote hii anarudi anakuta wali una harufu ya kuungua, Ijumaa tu, siku nyingine hauungui, alishawahi hata kumtania, Mama Houda siku ya baraka ndiyo unatulisha ukoko, naye akacheka huku akigeukia ukuta, kwa hiyo sufuria lilikuwa linaungua jikoni na mama alikuwa chumbani na simu, wakati yeye amepanga safu na wenzake akiomba amani, mama na mtoto walikuwa wanaipata yao kwa dakika arobaini, kila wiki, miaka tisa, na hata siku moja hakuambiwa, na alikuwa nani wa kuambiwa… “Na Papa?” Ingrid akauliza, “yeye naye mara ngapi?” na Huseni akasikia feni, akasikia mtu anapiga fotokopi chumba cha pili, akatamani kusema ukweli, akakuta ukweli hauna namba ya kujaza, ni mara sifuri, ni mara sifuri kwa wiki mia nne na zaidi, lakini Mwanne akasema bila kumtazama, “Andika na yeye kila Ijumaa,” na vidole vya Ingrid vikaandika, ta ta ta, uongo wa kwanza ambao mwanamke huyu amewahi kuusema mbele yake ameusema kwa ajili yake, na yeye ameupokea kama alivyopokea ile kle… dakika sita… sasa Mwanne amemsogelea, anamwita kwa jina ambalo hakuliacha hata mwaka ule mbaya, “Baba Houda,” sauti ya chini ili Ingrid asisikie, “uende wewe, mi mutoto ameshaniona kwa simu, uso wangu anaujua, wewe ndiye anakutafuta, kila Ijumaa anauliza Papa amekula, Papa anakohoa bado,” na yeye akasema, “Apana, mugonjwa anataka mama yake,” akalisema upesi mno, likatoka laini mno, na hapo ndipo Huseni alipojisikia, hapo hasa, kwenye ule ulaini, kama fundi anayesikia gia imeingia bila kukwaruza akajua kuna meno yamekatika ndani, kwa sababu chini ya uchungu wa bei, chini ya mashine aliyouza na mwendo wote wa asubuhi, kulikuwa na kitu kinachopumua kwa raha, alifurahi, Mola wangu, alifurahi, tangu Ingrid alipogeuza kile kioo kuna sehemu yake iliyokuwa ikisema afadhali, afadhali bei imepanda, sasa hutasimama mlangoni pa Gélase na sanduku mkononi, hutatazamwa na wajukuu wasiokujua, hutakaa kando ya kitanda ukitafuta neno la kwanza, watu wa Buyenzi watasema maskini Huseni alitaka kwenda, viza ndiyo imemshinda, na Houda naye atasema hivyohivyo, atamlilia baba aliyezuiwa na pesa, na hakuna atakayejua… akataka kulikamata lile neno alilolisema alirudishe mdomoni, aseme basi naenda mimi, lakini akaona upande wa pili, kwamba akienda yeye mtoto atalazwa kwenye meza ya kupasuliwa bila mkono wa mama, kwa ajili ya mzee anayetaka kusamehewa kabla hapajachelewa, huo nao ni wizi, na akibaki, kubaki ndiko sawa, kila mtu mwenye akili angesema abaki, ila yeye hawezi tena kubaki kama mtu anayetoa nafasi yake, atabaki kama mtu aliyejificha, jibu ni moja na ni sahihi na limeshaoza, walipokuwa wawili kwenye ile fomu asingekuwa na pa kukimbilia, Mwanne angemshika mkono mpaka mlangoni, ndicho alichokuwa akikinunua kwa mashine yake, si ndege, ni kukosa pa kukimbilia, na kuna mtu mahali fulani asiyemjua amebadilisha namba tu, akaenda zake kunywa chai… dakika tatu, Ingrid anakohoa kwa adabu, “Papa, saa inaenda, niondoe jina gani?” na Huseni akafungua mdomo akakuta hakuna jina ndani, si lake wala la mkewe, macho yake yamejaa maji na yeye hakuyaruhusu, kioo cha kompyuta kimekuwa ukungu mweupe, na Mwanne akamwekea mkono mgongoni, akampapasa taratibu kama mtoto mwenye homa, “Basi, Baba Houda, basi, ni pesa tu,” akidhani ni bei inayomliza.