Mlango Uliofungwa kwa Nje

Harufu ya moshi ilikuwa bado imeng'ang'ania mapazia ya chumba cha mkutano. Ludovika, mwenyekiti wa bodi ya kiwanda cha unga cha wakulima pale Mshangano, alimtazama mtoto wake wa ubatizo aliyeketi mbele yake. Ndiye Xaveri, mkurugenzi mtendaji.

Xaveri hakuzoea kuulizwa. Alikipokea kiwanda kikiwa makazi ya popo, akakipa jina hadi Namtumbo. Akicheka, watu walicheka, akinuna, walijificha.

Juzi mota iliungua. Wanawake waliokuwa wakifungasha unga walikimbilia mlangoni, wakakuta umepigwa kufuli kwa nje. Wakavunja dirisha. Wengine walitoka salama, lakini mmoja wao, Oliva, aliangukia zege, akavunjika nyonga. Daktari hakuwa na hakika kama atatembea tena.

"Mlinzi Egidi alifunga kwa kichwa chake," Xaveri alisema. "Nimeshamfukuza. Naomba tuyamalize."

Mzee Gaspari, mjumbe mkongwe kuliko wote, aliafiki upesi. "Hatua imechukuliwa. Mkurugenzi kama huyu tutampata wapi?"

Wengine wakaitikia. Ludovika akamgeukia Xaveri. Huyu ndiye aliyemsaidia kumzika mumewe. Na asubuhi ile Kunegunda, mama yake Xaveri na rafiki wa Ludovika tangu usichana, alikuwa amempigia simu: "Ni mwanao pia, dada. Usiwaachie wamrarue."

"Egidi nimemwita, yuko getini," Ludovika alisema. "Aingie."

"Mama, mlinzi haingii kwenye kikao cha bodi."

"Humu ndani mimi ni mwenyekiti, Xaveri."

Egidi aliingia kofia mkononi, akawaamkia. Ludovika akamuuliza ni nani aliyeagiza mlango ufungwe. Mlinzi alimtupia Xaveri jicho, kisha akainamia sakafu.

"Sijui niseme nini, mama."

Xaveri akatabasamu, akaanza kukusanya makaratasi yake. Ludovika akasimama.

"Basi kikao tukamalizie kule walikokuwa kina mama. Egidi atufungie kwa nje kama siku ile."

Hakuna aliyeinuka. Xaveri alicheka peke yake.

"Acha utani, mama. Nyaya bado hazijatengenezwa."

"Tutakaa kidogo tu. Wao walikuwa wakikaa zamu nzima."

"Kule ni hatari!" Xaveri akafoka, akapiga meza. "Mlango ni mmoja! Hata huyu Egidi alishaniambia, siku moto ukiwaka..."

Mzee Gaspari alivua miwani yake taratibu.

"Alikuambia lini?" Ludovika aliuliza.

Aliyejibu ni Egidi: "Masika, mama. Nilimsihi tuache kufunga. Akasema wanazurura mno, na nikirudia kumsemesha, nikalime kwetu Hanga."

Ludovika akaitisha kura: mkurugenzi asimamishwe, na polisi waelezwe yote. Mikono ikapanda mmoja mmoja. Wa Gaspari ulichelewa, lakini ulipanda.

"Mama," Xaveri alisema kwa sauti ya chini, "wewe ndiye uliyenibeba kisimani nikibatizwa."

"Ndiyo, mwanangu," Ludovika alisema. "Weka funguo za ofisi mezani."

Akaziweka, akatoka bila kumwangalia mtu.

Kesi ingali mahakamani. Egidi amerudishwa kazini, na ukuta wa chumba kile umetobolewa, ukawekwa mlango wa pili usio na komeo la nje. Oliva anajikongoja kwa magongo huko kwake Lizaboni.

Jumapili iliyofuata kikao kile, Ludovika alijikuta kanisani benchi moja na Kunegunda. Padri alipowaambia watakiane amani, alimnyooshea rafiki yake mkono. Kunegunda aliitazama altare kana kwamba pembeni yake hapana mtu. Mkono ukabaki hewani mpaka wimbo ulipoanza. Ludovika akaurudisha, akafuta machozi kwa ncha ya kitenge, na akaimba pamoja na wengine.