Mjumbe wa Marlowick

Mjukuu wangu Lusungu ameolewa Uingereza, kijiji kinaitwa Marlowick, nyumba thelathini tu. Jiografia yake naijua kuliko ya mgongo wangu, maana kila Jumapili ananionyesha kwa simu: juu kilimani kanisa la mawe, katikati baa, chini mto. Historia nayo kanisimulia. Zamani watu wote waliishi mtoni. Mwaka mmoja mto ukafurika, ukabeba nyumba na wenyewe, waliosalia wakahamia juu. Chini ikabaki nyumba moja ya ghorofa, walikokuwa wakisagia ngano.

Ndiyo aliyopanga Lusungu, na mimba ya miezi minane.

Juzi mchana kaniandikia: "Bibi, maji yameingia jikoni. Mume wangu yuko kazini mjini." Nikapiga, hapatikani. Mie korongo la hapa Madale liliwahi kufurika likameza choo changu, nimetoka humo dakika hiyo hiyo, kanga sijaifunga vizuri. Maji nayajua. Nikakimbilia kwa jirani yangu Shirinbai, maana Kiingereza changu cha darasa la saba kinaishia kwenye salamu.

Akatafuta mtandaoni namba ya ile baa. Akapokea mwanamke.

"Muulize mjumbe wao nani," nikasema. "Ndiye anajua nani anakaa wapi."

"Mama Benedikto, Wazungu hawana mjumbe!"

"Uliza."

Akauliza. Hawana.

"Basi akifa mtu hapo, nani anapita nyumba kwa nyumba kuwaambia?"

Shirinbai akatafsiri, akasikiliza. "Anasema yeye."

"Si ndiye huyo! Mwambie nyumba ya mtoni kuna mjamzito."

Yule mama hakukata simu. Tukasikia akiita mtu, kisha mvua, kisha trekta. Halafu maji, yananguruma kama yana njaa. Shirinbai akashika tasbihi, mie nikashika mkono wake, tukaomba kila mtu na dini yake.

"Wamefika. Mlango umezama nusu," Shirinbai akanong'ona. "Yule mama anaita, haitikiwi."

Nikaisogelea simu.

"Mwambie aweke spika, ainue simu juu!" Nikavuta pumzi. "Wee Lusungu!"

Maji tu.

"Lusungu!"

"Bibi?" Sauti ikatoka mbali, juu dirishani, inalia. "Bibi, umefikaje huku?"

"Nimekuja na trekta. Shuka taratibu, usinimwagie kitukuu."